Wahiba na Masirah na watoto: Desemba, si Julai
Ndugu mnaopanga kuwapeleka watoto Oman Julai, hapana, hamisheni safari hiyo iwe likizo ya Desemba. Kiangazi, joto la jangwa la Wahiba hupita nyuzi 45, mchanga unamuunguza mtoto hata akiwa na ndala, na kule kisiwani Masirah kusi huvuma mchana kutwa. Wanangu niliwapeleka Januari: mchana wakiteleza kwenye matuta, usiku wamejikunja ndani ya mablanketi, maana jangwa lina baridi kweli. Mkifika Bidiyah, mji wa kuingilia Wahiba, punguzeni upepo wa matairi kabla ya kuingia mchangani. Kivuko cha Masirah kinaondokea bandari ya Shannah, wahini mapema. Ila kama mnachotaka hasa ni kuona kasa wakitaga Masirah, wengi hupanda ufukweni kiangazi hichohicho.