Koo kumuuma mama baada ya upasuaji

Pole dada, umeuliza kwa nini mama yako anaumwa koo na sauti imemkauka baada ya upasuaji; apate nafuu. Koo kuuma na sauti kukauka siku ya pili baada ya nusu kaputi ni kawaida. Mpira wa kupumulia hupitishwa mdomoni, katikati ya nyuzi za sauti, na ncha yake ina kipira kinachojazwa hewa ili usivuje. Hapo ndipo panapochubuka. Mara nyingi huisha ndani ya siku 2 au 3. Kama wameshamruhusu kunywa, mpe maji kidogo kidogo, uji usio wa moto, na asukutue kwa maji ya chumvi. Asijilazimishe kuongea. Ila akihema kwa shida, akitema damu, akishindwa kumeza hata mate, au sauti isiporudi baada ya wiki, mrudisheni hospitali tafadhali.