Riwaya Chini ya Mto

Wadogo zangu mlioripoti chuoni juzi, karibuni Tanga. Ushauri mtapewa hadi muukimbie. Walimu watawasisitizia mahudhurio, wa mwaka wa pili watawauzia madesa, yaani notisi za kunakili, na mama mwenye nyumba atawasomea masharti ya luku na maji kabla hamjaweka begi chini. Mimi nina moja tu, na sijamsikia mtu akimwambia mwanafunzi wa utabibu: tafuteni kitabu cha hadithi, na kila siku mwache muda kidogo ambao hamfanyi lolote.

Najua linavyosikika. Anatomia peke yake inatosha kumnyima mtu usingizi, na nyumbani kuna mzazi anayehangaikia ada akijua kijana wake anakesha na vitabu vya maana. Nisikilizeni kwanza, halafu mkatae.

Nianze na jinsi tulivyofundishwa kusoma hadithi, maana tatizo liko hapo. Sekondari riwaya ilitufikia ikiwa imeshapasuliwa vipande: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, muundo, mtindo, wahusika bapa na wahusika duara. Wapo waliofaulu Kiswahili vizuri sana bila kumaliza hata kimoja kati ya vile vitabu teule. Walisoma uchambuzi wa mtu mwingine, wakakariri hoja, wakazimwaga kwenye karatasi, basi. Mtu wa namna hiyo anafika chuo akiamini hadithi ni somo aliloshalimaliza, kama jiografia. Lakini ikiwa hujawahi kucheka peke yako na kitabu mkononi, au kumchukia mhusika mpaka ukakifunga kwa hasira, riwaya bado hujaisoma. Umesoma maswali yake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuacha kuuliza kitabu kinafundisha nini. Ni ngumu kuliko mnavyodhani. Nimewaona wenzangu wakisoma riwaya huku kalamu iko mkononi, wanapigia mstari methali.

Mtu akiuliza faida yake kwa tabibu ni nini, kuna jibu la haraka linalotembea sana, kwamba hadithi inaongeza uwezo wa kuwaelewa watu. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapa utafiti wa David Comer Kidd na Emanuele Castano: waliosoma kipande kifupi cha hadithi ya kifasihi walifanya vizuri zaidi kidogo kwenye jaribio la kutambua hisia za mtu kwa kutazama macho yake. Habari ikaenea dunia nzima, na walimu wa fasihi wakafurahi. Kisha mwaka 2018 kundi kubwa la watafiti lilirudia majaribio kadhaa ya sayansi ya jamii yaliyokuwa yamechapwa Nature na Science, hilo likiwemo, na matokeo yale hayakuonekana tena. Ninyi ni watu wa tiba, mtafundishwa kwamba jambo likipatikana mara moja tu halijathibitika. Basi msiigeuze riwaya kuwa dozi, kurasa kumi kutwa mara tatu, mkisubiri huruma ipande.

Faida ikija, inapita mlango wa uani, na hamtaiona ikiingia. Mimi nilichokiona ni hiki. Wodini mtafundishwa kuchukua historia ya mgonjwa kwa mpangilio: tatizo lililomleta, limeanza lini, limeendeleaje, magonjwa ya nyuma, ya ukoo, dawa anazotumia. Mpangilio huo ni mzuri, ushikeni. Shida ni kwamba mgonjwa hasimulii kwa mpangilio wenu. Mama aliyetoka Pangani ataanza na basi lililoharibika njiani, aende kwa shemeji aliyekataa kumpa nauli, arudi kwenye mvua ya wiki iliyopita, na katikati ya hayo yote ndipo litapita neno moja jepesi kwamba mtoto hanyonyi tangu jana. Mwanafunzi mwenye haraka alishaacha kusikiliza kwenye habari ya shemeji. Aliyezoea hadithi ana subira zaidi, kwa sababu ameshazoea kwamba msimulizi hutaja jambo zito kwa sauti ndogo, akiwa anazungumzia kitu kingine. Siwezi kuthibitisha hilo kwa takwimu. Kaeni karibu na muuguzi wa zamani mwangalie anavyosikiliza, kisha mniambie.

Sasa hilo la kukaa bila kazi.

Wale mnaotoka bara mtacheka mkipita Ngamiani alasiri. Watu wazima wamekaa barazani, kahawa chungu, kashata, bao linachezwa na wanaotazama ni wengi kuliko wanaocheza. Mtasema watu wa pwani wavivu. Taratibu. Yule wa kwanza ametoka soko la Deep Sea, yuko macho tangu alfajiri akinunua samaki. Yule mwenye baiskeli iliyoegeshwa ukutani ana karakana. Wanakaa, na adhana ya Magharibi inawainua. Kukaa kwao kuna mwanzo na mwisho, na hapo barazani ndipo habari za mji zinapopikwa, ndipo utani unaponolewa. Msimulizi hodari wa mtaa wetu sijamwona na kitabu, lakini akisimulia jinsi Coastal Union ilivyofungwa bao la mwisho, mnaweza kulia na hamkuwepo uwanjani.

Mwanafunzi wetu naye anasema amepumzika. Ukimwangalia amelala kitandani, simu iko usoni, video fupi inafuata video fupi kwa saa mbili. Huyo hajapumzika. Macho yamefanya kazi, kidole kimefanya kazi, na kichwa hakikupata hata dakika moja ya kuwaza chake mwenyewe. Sina ugomvi na simu, mimi pia ninayo na ninaipenda. Ninachosema ni kwamba msiihesabu kuwa mapumziko. Jaribuni siku moja kuiacha geto, mkatembea kwa miguu hadi Raskazone, au mkakaa Bustani ya Jamhuri mkitazama bandari na Kisiwa cha Toten. Robo saa ya kwanza ni mateso. Mkono utaingia mfukoni wenyewe. Mtaboeka. Vumilieni hapo, maana nyuma ya kuboeka ndipo mawazo yanapoanza kujileta bila kuitwa: swali la fiziolojia ulilolikwepa, barua unayodaiwa nyumbani, sentensi nzuri ambayo hujui utaitumia wapi.

Hili si ndoto za washairi tu. Mwingereza mmoja, Graham Wallas, aliandika mwaka 1926 kwamba wazo jipya hupitia hatua nne: kujiandaa, kuliacha liatamiwe, kung'amua, na mwisho kulipima kama ni la kweli. Wanasaikolojia wamebishana sana tangu hapo, lakini hatua mbili za kwanza kila mwanafunzi anaweza kuziona kwake. Ya pili inaonekana ya mtu asiyefanya kitu. Tahadhari: inakuja baada ya ile ya kwanza. Asiyegusa kitabu cha farmakolojia hana anachoatamia, na hata akikaa baharini mwezi mzima atarudi na upepo tu.

Niwape mfano wa mwenzetu mmoja, mtu wa milimani Lushoto, mpole, hasemi darasani. Tulipangiwa kutoa elimu ya afya kliniki ya watoto, zamu yake ikawa kuharisha. Mnajua elimu hizo zinavyokwenda: mwanafunzi amesimama na koti jeupe, anasoma, akina mama wanabembeleza watoto na kuulizana bei ya machungwa ya Muheza. Yeye alikuwa ameshaandika maelezo yake yote sawasawa, akayaona makavu, akayaacha. Jumamosi akawa anafua. Hakuna muziki, hakuna simu, ni beseni na sabuni. Hapo ndipo lilipomjia. Jumatatu alisimama akaigiza mama mkwe na mkaza mwana wanaogombana jikoni juu ya mtoto anayeharisha na pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, hazipo nyumbani. Mkwe anataka kumnyima mtoto maji ili tumbo "likauke". Mkaza mwana anamjibu kwa heshima zote za pwani, "Hapana mama, samahani mama," huku anapima: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, kisha mtoto apelekwe kituoni. Mkwe kila mara anakosea vipimo kwa makusudi na akina mama kwenye mabenchi wanamsahihisha kwa kelele. Walicheka mpaka muuguzi wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Walipokuwa wanaondoka, sita na nusu walikuwa nazo kichwani.

Nilimuuliza kayatoa wapi yale majibizano. Akaona haya, kisha akasema anasoma zile riwaya za mitandaoni, zinazotumwa kwenye magrupu ya WhatsApp sehemu kwa sehemu, zinakatwa pale pale mlango unapogongwa, na chini imeandikwa "itaendelea". Mama mkwe wamejaa humo. Wasomi huzidharau hadithi hizo, na kweli nyingine zimeandikwa kwa haraka, mhusika anakufa sehemu ya nane na sehemu ya kumi na tano anapokea simu. Lakini mwandishi wake anajua kumshika msomaji aliyechoka, aliye kwenye daladala, aliyebakiwa na bando dogo. Huo ni ufundi. Msiuonee aibu.

Na msiseme mtasoma mkipata nafasi, mkimaliza chuo, mkiajiriwa. Mji huu una jibu lake kwa udhuru huo. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 kijiji cha Vibambani, nje kidogo ya hapa. Hakuwa mtu wa kukaa akisubiri fikra. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, kuanzia forodhani mwaka 1926 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, na aliandika kandokando ya ajira hiyo. Tazameni pia alivyofanya na hali yake. Karani wa wakati ule hakuwa na uhuru wa kusimama na kuwashitaki watawala. Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, inahusu nchi inayoelea angani, na humo mtu anashitakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria. Wengi wanaisoma kama lawama kwa utawala wa wakati wake. Darasani mliulizwa dhamira yake. Isomeni tena sasa mkijiuliza jambo jingine kabisa: huyu bwana, na mafaili mezani, alipata wapi ujasiri wa kuining'iniza nchi nzima hewani?

Mambo ya vitendo nitayapitia haraka. Maktaba ya mkoa ipo mjini, nendeni na kitambulisho cha chuo mkaulizie uanachama. Kuna utulivu na kuna feni, na hilo la feni mtalithamini joto likianza. Wauza vitabu vya mitumba muwapekue taratibu, chini ya marundo ya vitabu vya uhasibu kuna hazina. Kiswahili au Kiingereza, chochote, ila mkisoma Kiingereza kwa lengo la kuongeza msamiati tu mtakuwa mmerudi kulekule kwenye kalamu na mstari. Kitabu kisipokushika kufikia kurasa za thelathini na kitu, kiache bila kuomba radhi. Hakuna anayesahihisha. Wale wanaotangaza wamesoma vitabu hamsini mwaka huu waacheni na hesabu zao.

Riwaya isiingie wodini ukiwa zamu, hata usiku mgonjwa akiwa amelala. Wiki ya mitihani ifungieni kwenye sanduku na mpige msuli kama wengine, kwa sababu sapu, yaani mtihani wa kurudia, haijali ulikuwa unaatamia nini, na aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuo kwa kufeli, hapati wa kumsimulia. Kuahirisha kazi yenye tarehe ni uzembe, na kwa kawaida mzembe anajijua.

Muda ninaoupendekeza ni ule kabla ya kulala. Kitabu kiwe chini ya mto, simu iwe mbali na kitanda, ng'ambo ya chumba ikiwezekana, hata kama inabidi kuinuka kuzima alamu. Mtakaosoma kurasa mbili mkasinzia, sawa. Mtakaojikuta saa nane usiku bado mnataka kujua nani kamuua tajiri, kesho mtasinzia kwenye kipindi, na mwalimu hatakubali sababu hiyo, wala asiikubali.

Mwenzako wa chumba atakuuliza, "Hiyo ipo kwenye mtihani?" Mjibu haipo, na umpe akimaliza kushangaa. Ila kabla ya kumpa andika jina lake na tarehe ndani ya jalada, kwa kalamu ya wino. Riwaya za bwenini huhama vyumba bila kuaga, na kurasa za mwisho ndizo hutangulia kuchanika. Ipo moja ya upelelezi inazunguka tangu sijafika hapa, haina kurasa za mwisho, na kila chumba kina muuaji wake.