Softiboli ya madada wa Oklahoma: maswali yenu na majibu

Wiki iliyopita niliwagusia madada wa softiboli wa Chuo Kikuu cha Oklahoma kule Marekani, wenyewe wanaitwa Sooners, nikasema mi nikiulizwa timu ya wanawake inajengwaje nawatolea mfano hao. Maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea, kwa hiyo leo nayajibu yaliyojirudia zaidi.

Softiboli si ndo besiboli ya wanawake tu? (msomaji, Morogoro)

Ni ndugu lakini sio mmoja, kote mtu anarusha mpira na mwenzake anaupiga kwa gongo. Mpira wa softiboli ni mkubwa zaidi, mzunguko wake kama sentimita 30, uwanja ni mdogo na mechi ina vipindi 7 badala ya 9. Tofauti kubwa iko kwa mrushaji, kwenye besiboli anarusha mkono ukipita juu ya bega ila huku mkono unazungushwa duara zima kama feni afu mpira unaachiwa pale karibu na nyonga, na anasimama mita 13 tu kutoka kwa mwenye gongo, sasa ukichukulia kwamba wapo wadada wanaovusha kilomita 110 kwa saa utaona mpigaji hana muda hata wa kufikiria, ni jicho na mkono tu. Mchezo ulizaliwa Chicago mwaka 1887, ndani ya ukumbi, vijana walikuwa wanasubiri matokeo ya mechi ya Harvard na Yale, mmoja akarusha glavu ya ngumi mwenzake akaipiga na fimbo, basi ikawa hivyo.

Ni kweli walikuwa wanachezea kwenye bustani ya umma? Nimeshindwa kuamini, timu tajiri vile! (msomaji, Mwanza)

Kweli kabisa, na hapa naomba mnivumilie niongee kidogo maana hili ndo linalonigusa kuliko vikombe vyote.

Timu ilianza miaka ya 70. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria inayoitwa Title IX, inayosema chuo kinachopokea pesa ya serikali hakiruhusiwi kumbagua mtu kwa jinsia yake, na michezo ikaingia humo humo, ndo vyuo vikaanza kufungua timu za wanawake maana kabla ya hapo msichana alikuwa anacheza kwa hisani tu, leo ipo kesho haipo. Oklahoma nao wakafungua. Aliyeibeba timu miaka ile ya mwanzo ni mama mmoja anaitwa Marita Hynes, aliifundisha kuanzia mwishoni mwa miaka ya 70 mpaka miaka ya 80 mwanzoni na akaifikisha kwenye mashindano makubwa ya taifa. Baadae ikapoa.

Ndipo akaja Patty Gasso. Msimu wake wa kwanza ni 1995, alikuwa anafundisha chuo kidogo cha jiji la Long Beach, California, akahamisha familia mpaka mji wa Norman, Oklahoma, afu anafika anakuta timu ya chuo kikuu inacheza Reaves Park, bustani ya jiji ambayo mtu yeyote anaingia. Hebu jiweke wewe pale, unamshawishi mzazi akuletee binti yake mwenye kipaji aache vyuo vya California vyenye kila kitu, na mtoto akiuliza uwanja uko wapi unamuonyesha bustani. Na bado, tangu mwaka ule wa kwanza mpaka leo ninavyoandika hakuna msimu hata mmoja Gasso amekosa kuipeleka timu kwenye mashindano ya taifa, ukiacha 2020 ambapo yalifutwa kwa sababu ya korona. Uwanja wao wenyewe ulifunguliwa 1998 na ukapewa jina la Marita Hynes. Miaka miwili tu baadae, 2000, wakawafunga UCLA, Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, 3-1 kwenye fainali wakachukua ubingwa wao wa kwanza, na UCLA ndo walikuwa wakubwa wa mchezo huu kwa miaka yote.

Kwa hiyo mtu akiniambia hawa wanashinda kwa sababu ya pesa namwambia angalia tarehe. Uwanja wa kifahari wanaoutumia sasa, Love's Field, una viti 4,200 na uligharimu kama dola milioni 48, ila umefunguliwa Machi 2024. Wakati huo walishakuwa na vikombe saba kabatini.

Wamechukua mara ngapi na upi ulikuwa mgumu? (msomaji, Kisumu)

Mara nane: 2000, 2013, 2016, 2017, kisha minne mfululizo 2021 mpaka 2024. Minne mfululizo hakuna chuo kilichowahi kufanya, UCLA waliishia mitatu, 1988 mpaka 1990. Kwa jumla UCLA bado wanaongoza wakiwa na 12, na Arizona wako sawa na Oklahoma kwenye nane.

Wengi watakwambia mgumu ni 2017 sababu mechi ya kwanza ya fainali na Florida ilienda vipindi 17 badala ya 7, Oklahoma wakashinda 7-5. Mi nasema 2021. Walikuja wao ndo wanaogopwa, wamepiga homurani (ule mpira unaovuka uzio wa uwanja) kuliko timu yoyote, afu mechi ya kwanza kabisa wanafungwa 4-3 na James Madison, chuo ambacho hakikuwahi hata kufika hatua ile ya timu nane za mwisho. Kabla ya fainali, hatua ile ukifungwa mara mbili unarudi nyumbani. Basi kuanzia hapo kila siku ilikuwa ya kufa na kupona, wakapanda taratibu, wakakutana tena na wale wale James Madison wakatakiwa kuwafunga mara mbili, wakawafunga mara mbili. Fainali inaanza upya, bingwa ni anayeshinda mechi mbili kati ya tatu, na hapo wakapoteza ya kwanza 8-4 kwa Florida State! Wakashinda zilizofuata, 6-2 na 5-1, Giselle Juarez akirusha utadhani hana bega la kuchoka. Msimu wa 2023 ulikuwa mzuri wa namba, walishinda 61 wakafungwa 1 tu, na Baylor, na ushindi mfululizo uliendelea mpaka 71 ndo Louisiana wakaukata Machi 2024, rekodi ya zamani ilikuwa 47 ya Arizona. Ila namba haitetemeshi moyo kama ile 2021.

Nani mpigaji bora aliyewahi kupita pale? (msomaji, Zanzibar)

Jocelyn Alo, wala sisiti. Amemaliza chuo na homurani 122, hakuna mwanamke aliyewahi kufika huko kwenye softiboli ya vyuo. Rekodi ya zamani ilikuwa 95 na ilishikwa na Lauren Chamberlain, naye wa Oklahoma hapo hapo. Alo alipoifikia hiyo 95 mwaka 2022 timu pinzani zikaanza kumkwepa, warushaji wanampa mipira ya pembeni isiyopigika ili atembee tu mpaka besi ya kwanza (kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji), hakuna aliyetaka jina lake liandikwe kwenye rekodi ile. Wiki zikapita. Timu ikasafiri kwenda Hawaii, na Alo kwao ndo Hawaii, na hapo Honolulu mbele ya ndugu zake Machi 11 akapiga ya 96. Nikiitazama ile video mpaka leo machozi yananilenga, sioni aibu kusema.

Binti yangu ana miaka 14, tuko Dallas, anacheza shuleni. Huu mchezo unaweza kumlipia chuo? (mama mmoja, Texas)

Dada yangu, unaweza, ila uelewe hesabu. Zamani chuo cha daraja la kwanza, yani ngazi ya juu kabisa ya michezo ya vyuo, kiliruhusiwa skolashipu 12 tu kwa timu nzima, kocha anazikatakata, huyu nusu, yule robo. Kuanzia msimu wa 2025-26 vyuo vilivyoingia kwenye mfumo mpya wa kuwalipa wachezaji vinaruhusiwa wachezaji 25 na wote wanaweza kulipiwa. Kuruhusiwa sio kulazimishwa, kwa hiyo uliza kila chuo kivyake. Na masomo asiache, makocha wanaangalia maksi mapema. Siku hizi kuna pesa ya jina la mchezaji pia, yani analipwa jina na picha yake vikitumika kwenye matangazo, mrushaji NiJaree Canady alihama Stanford kwenda Texas Tech 2024 kwa mkataba wa zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka, ila huyo ni mmoja kati ya maelfu, usipange ada ya mtoto kwa kumtazama yeye.

Sasa mbona 2025 hawakuchukua? Wameisha? (msomaji, Dar)

Walifika nusu fainali, wakatolewa na huyo huyo Canady na Texas Tech yake 3-2, na kombe likaenda kwa Texas. Msisahau sehemu kubwa ya kikosi kilichochukua 2024 iliondoka kwa kumaliza chuo, akiwemo Jayda Coleman aliyewaondoa Florida kwenye nusu fainali ya mwaka ule kwa homurani ya kipindi cha nane, na ndo mwaka huo huo walihamia ligi ngumu zaidi, SEC. Timu ya watoto wapya inafika nusu fainali afu mtu anasema imeisha? Mi nakataa.

Olimpiki wataonekana? (msomaji, Nairobi)

Softiboli inarudi 2028. Michezo yenyewe ni Los Angeles lakini softiboli itachezwa karibu kilomita 2,000 kutoka huko, Oklahoma City, uwanja wa Devon Park unaoingiza watu kama 13,000, yani pale pale wadada wa vyuo wanapogombea ubingwa wao kila mwaka. Kutoka Norman ni nusu saa kwa gari.