Barua kwa mwanangu: Edie alilipwa nini?

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Ngamiani. Mama yako hajambo, magoti ndiyo yale yale. Ile filamu ya Factory Girl uliyoniachia kwenye flashi siku ya Idi, inayomhusu Edie Sedgwick na msanii Andy Warhol wa New York, nimeitazama mpaka mwisho, ingawa kuna mahali nilipeleka mbele maana mama yako alikuwa amekaa pembeni yangu. Uliniuliza kwenye simu, "Baba, yule Andy alimpenda Edie au alimtumia tu?" Ukataka neno moja. Mambo ya picha siwezi kuyamaliza kwenye simu, unanijua, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mapenzi ya watu mimi siyapimi. Tangu filamu inaanza nilikuwa nangoja kitu kimoja tu: nani anamlipa huyu binti? Nikangoja, nikangoja. Nguo anavaa, sherehe anakwenda, kamera inamzunguka asubuhi na usiku, watu wazima wanamshangilia, na malipo hayaonekani. Mpaka pale anapomkabili Andy mgahawani, mbele za watu, amechakaa, nikamwambia mama yako: haya, sasa deni limefika mlangoni.

Tuanze na msichana mwenyewe, maana filamu inampitia haraka mno. Edie Sedgwick alizaliwa California mwaka 1943, mtoto wa saba kati ya wanane, familia ya ukoo mkubwa na mashamba ya ng'ombe makubwa, na mafuta yakachimbwa humo. Fedha ilikuwepo, raha haikuwepo. Kabla hajamjua Andy alikwishalazwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kaka yake mmoja alijiua mwaka 1964 akiwa hospitalini, na mwingine akafa mwanzoni mwa 1965 kwa ajali ya pikipiki. Miezi michache baadaye huyo Edie ndiye nyota wa New York, nywele zimekatwa fupi na kupakwa rangi ya fedha zifanane na za Andy. Mtu ana misiba miwili mibichi kifuani, na kila anayemtazama anaona hereni.

Andy Warhol naye, nataka nimtendee haki, hakuwa mtoto wa kishua. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka kijiji cha Ulaya ya mashariki, wakaishi Pittsburgh, na baba yake, mtu wa kazi za mikono, alifariki Andy akiwa na miaka 13. Alipoingia New York mwaka 1949 alikuwa anachora matangazo, viatu vya kike hasa. Na hapa ndipo nilipoachia kikombe cha chai. Mtu huyu alijua ankara ni nini! Kila kiatu alichochora alilipwa. Hakuwa msanii wa mawinguni ambaye unaweza kusema hakujua kwamba kazi ina bei. Aliyekaa mbele ya kamera amefanya kazi, mwanangu, na aliyefanya kazi hulipwa. Umelisikia neno hili kwangu tangu hujaanza shule, na nitalirudia tena kabla barua hii haijaisha.

Kile kiwanda chake cha sanaa, mtaa wa 47 Mashariki, kuta zote zimepakwa rangi ya fedha na kubandikwa karatasi za kung'aa, nilikitazama kwa jicho la mtu aliyewahi kufanya kazi gizani. Alikuwa na mtindo wa kumkalisha mtu mbele ya kamera ya milimita 16 inayosimama peke yake, dakika kama tatu hivi, anaambiwa asitikisike. Kisha mkanda unaonyeshwa kwa mwendo wa polepole, na uso unaanza kusema yale mwenyewe hakutaka kuyasema. Edie alikaa hapo. Na ile filamu ya mwaka 1965 ambayo Edie anaamka, anavuta sigara, anaongea na simu, anavaa: mkanda wa kwanza ulitoka ukungu mtupu kwa sababu ya kasoro ya lenzi. Wakapiga upya. Andy akaamua kuuchukua ule mmoja wa ukungu akauunganisha na mmoja unaoonekana vizuri, na ndivyo filamu ilivyobaki mpaka leo. Zaidi ya nusu saa unamtafuta binti kwenye ukungu! Sisi studio tungefukuzwa kazi. Lakini nikifikiri sana naona alikuwa fundi. Hilo simnyimi.

Sisi studio. Haya, umeshanifikisha.

Unajua kwa nini shangazi yako haonekani kwenye picha hata moja ya harusi za ukoo huu. Mmezoea kusema ni aibu zake, au yuko jikoni. Hakuzaliwa hivyo. Mwaka 1978 alikuwa hajatimiza miaka ishirini, na mimi nilikuwa nasafisha picha kwenye studio moja ya mjini. Kila mchana alikuwa ananiletea chakula, wali umefungwa kwenye kitambaa. Mwenye studio akamwona mlangoni akamwita ndani. Akamkalisha kwenye stuli, taa mbili, moja juu kidogo na moja ubavuni, akamwambia, "Tazama hapa, usicheke." Alivua viatu, sijui kwa nini, na picha ilikuwa ya kifuani.

Picha ile niliisafisha mimi. Taa nyekundu, karai la dawa, karatasi nyeupe inaelea. Ukiitikisa kidogo, macho hutangulia. Halafu nywele. Halafu kivuli cha shavu. Nilikuwa nimemwona dada yangu kila siku ya maisha yangu, na mle ndani ya karai nikamwona mtu nisiyemjua, mzuri kiasi cha kunitisha. Mwanangu, furaha niliyoipata dakika ile sijaipata tena kwenye kazi yoyote ya mikono yangu, na nilifanya kazi bandarini mpaka nikastaafu.

Mwenye studio akaikuza, akaipaka rangi kwa pamba, midomo na mashavu, akaitundika dirishani. Watu wakaanza kuja: nipige kama yule. Akawa anamwita tena na tena, leo na khanga, kesho na gauni la kuazima. Naye alikuwa anapenda, nisikudanganye. Alikuwa anatoka pale anatembea kama barabara zote za Ngamiani ni zake. Kisha akaja bwana mmoja wa kampuni, akainunua picha kwa ajili ya kalenda. Mwaka uliofuata dada yangu alikuwa ukutani kwa kinyozi, kwenye bucha, ofisini, na baa pia. Hela iliingia studio, niliiona inahesabiwa. Shangazi yako alipewa soda na nakala moja yenye fremu.

Akaenda kuuliza. Kwa adabu zote, na mtandio kichwani. Nilikuwa nyuma ya pazia la chumba cha giza, mikono imelowa dawa. Mwenye studio akamjibu, "Mimi ndiye niliyekutengeneza. Wewe ulikuwa mleta wali." Nilitoka. Nikamwambia mgawie hata robo, sura ni yake. Siku ile ile nikakabidhi funguo. Na yule kijana aliyekuwa amekwishaleta posa, mnamjua kwa jina, nyumbani kwao wakasema mke wa baa hawamtaki. Babu yenu hakupiga kelele. Aliitoa ile fremu sebuleni, na tangu siku hiyo shangazi yako akisikia kamera anaondoka.

Miaka yote hii, na mkono unanitetemeka nikiandika. "Mimi ndiye niliyekutengeneza."

Sasa nabishana na nafsi yangu, maana najua wewe utanibishia. Shangazi yako hakulipwa, na hakufa. Aliolewa, akazaa, ana wajukuu, na mikate yake ya ufuta mtaa mzima unaijua. Kwa hiyo kutolipwa peke yake hakuui. Edie alikufa tarehe 16 Novemba 1971, ana miaka 28, kwao California, na kilichomuua ni vidonge vya usingizi pamoja na pombe. Alikuwa ametoka hospitali si zamani, ameolewa mwezi Julai mwaka ule ule. Miaka zaidi ya mitano ilikuwa imepita tangu aachane na Andy. Ni nani aliyemtilia vile vidonge mkononi? Si Andy. Dawa alianza kuzizoea kwa njia nyingi, nyingine za madaktari wenyewe.

Na tena: zile filamu Andy alizompigia Edie hazikuingiza kitu cha maana, alizigharimia kwa kuuza michoro. Ungemgawia mtu robo ya nini? Hapo najikwaa. Halafu Edie hakuwa mleta wali. Alikuja mjini na urithi wa bibi yake na akautapanya mwenyewe, chakula cha jioni akiwalipia hao hao wa kile kiwanda. Basi inakuwaje nimlilie?

Lakini sikiliza. Mwezi Mei 2022, New York, mchoro wa Andy wa mwaka 1964, sura ya mwigizaji Marilyn Monroe, uliuzwa dola milioni 195. Marilyn alikwishakufa mwaka 1962, naye picha ile haikumwingizia hata senti. Michoro ilikuwa na bei, filamu hazikuwa na bei, sawa. Ila ni nani aliyewavuta watu wa magazeti mpaka mlangoni mwa kile kiwanda mwaka 1965? Jarida la mitindo la Vogue, la Agosti ile, halikumweka Andy, lilimweka Edie. Jina la Andy lilipanda kwa kutembea ubavuni mwake, na jina ndilo linalouza mchoro. Basi robo ilikuwepo. Aliyekaa mbele ya kamera amefanya kazi. Ilikuwepo!

Filamu uliyoniletea haisemi hivyo. Yenyewe inataka tuchague kati ya wanaume wawili, Andy mbaya na yule mwanamuziki mwema ambaye hata jina lake halisi wamemnyima, ingawa kila mtu anaona ni Bob Dylan, na mawakili wa Dylan walikwishalalamika kabla haijatoka. Sienna Miller amemwigiza Edie kwa moyo, Guy Pearce aliyemwigiza Andy amenisisimua kwa lile jicho lake baridi. Lakini kumgeuza msichana zawadi ya kugombaniwa, hapana. Wale kaka zake wawili walistahili nusu saa ya filamu, na baba yao saa nzima.

Ungeniuliza nikiwa na miaka thelathini ningekujibu kabla hujamaliza swali: alimtumia. Ulimi uko tayari hata sasa. Ila nakumbuka jinsi yule bwana wa studio alivyokuwa anapunguza mwanga wa taa ya ubavuni, kidogo kidogo, kwa subira, mpaka shavu la dada yangu likae sawa. Mtu asiyependa hawezi kupiga picha vile. Alipenda alichokiona. Kama alimpenda aliyekuwa ndani yake, sijui, na la Andy vilevile linanishinda. Shingo upande, mwanangu, hukumu naiacha.

Uliuliza pia kama umtumie shangazi yako hiyo filamu. Usimtumie bila kumuuliza. Mpigie Jumapili, msalimie, mweleze inahusu nini, umwachie mwenyewe aamue.

Na yule binti wa jirani anayekuvalia magauni kwenye picha zako za biashara, mama yako anasema umemsifia sana lakini hukutaja unamlipa nini. Nijibu hilo.

Ni mimi baba yako.