Wageni wa kaunta Tanga, "huna imani" sio habari ya dini

Nyie mnaotoka bara mkapangiwa kazi za kuhudumia watu hapa Tanga, iwe duka, famasi au ofisi ya serikali, bei na mafaili mtayazoea fasta tu, kitakachowasumbua ni maneno ya wateja, hasa hili la kuambiwa huna imani.

Kuna kijana alianza kazi famasi moja huku Ngamiani, akaja bibi kapungukiwa mia tano ya dawa, kijana akairudisha dawa shelfu bila hata kumwangalia usoni. Bibi akamwambia "mwanangu, wewe huna imani". Jamaa akajibu ati bibi mimi nasali kila jumapili! Watu walicheka mpaka basi. Sasa imani ni dini sawa, lakini pia ni huruma, hata kwenye kamusi imo, na huku pwani inatumika sana hivyo, kwa hiyo bibi hakugusa kanisa la mtu, alikua anasema roho yako kavu. Ukiambiwa hivyo we sema "niwie radhi bibi", afu mweleze utaratibu au muoneshe dawa ya bei ya chini yenye kazi ile ile, yataisha hapo hapo.

Roho mbaya ni zito zaidi mana hiyo ni tabia sio tukio, huna imani utaambiwa leo na kesho mtu akakusalimia vizuri tu, ila ukishaitwa mwenye roho mbaya mtaa mzima unalo. Na inda ndo kabisaa, hasa kwa mtu wa ofisini, inda ni ya makusudi, faili liko mezani, mhuri unao mkononi, unamwambia mzee wa watu njoo kesho ili umkomoe tu, na wala hufaidiki kitu.

Mkali msilinunie, bosi mkali anaweza akawa na imani kuliko wote hapo (na vijana wakikwambia we mkali wanakusifia). Mchoyo ni kutotoa, basi.

Katili sasa, hilo msiliguse ovyo. Limetokana na kiarabu na huko ni muuaji, na siku hizi ukitaja ukatili watu wanawaza dawati la jinsia polisi. Mtu kaandika kwenye ripoti karani mwenzake ni katili, kumbe alitaka kusema anajibu wateja kwa mkato, wakaitwa wote kwa bosi. Andika alichofanya, kwamba hakuitikia shikamoo, kamfokea nani, mbele ya nani.