Chukua kompyuta ya medianuwai, ila soma kwanza orodha ya masomo

Mdogo wangu, umesema unasoma uchumi hapa Goma, chuo kinakuruhusu kuongeza kompyuta ya medianuwai, yaani kazi ya picha, sauti na video kwenye kompyuta, kama somo la pili, ila unaogopa hesabu. Chukua. Lakini kwanza omba orodha ya masomo, uisome mstari kwa mstari. Kama ni kubofya programu za kuhariri tu, hayo utajifunza nyumbani kwa Blender, GIMP na Audacity, zote za bure.

Unachotafuta ni kuelewa kinachotendeka ndani. Picha moja ya video ya nukta 1920 kwa 1080, ikiwa haijabanwa, yaani faili lake halijapunguzwa ukubwa, ina baiti zaidi ya milioni 6. Weka picha 25 kwa sekunde: dakika moja tu inapita gigabaiti 9! Nani kwetu ana mega za kutuma hiyo? Ndiyo maana napenda sana usome mbinu za kubana video. Hesabu yake inafundishika, usiikimbie.

Uliza pia kama maabara ina umeme wa uhakika; bila huo mtaishia kuchora kompyuta ubaoni. Na pita Yole!Africa, kile kituo cha utamaduni hapa Goma, uzungumze na vijana wanaotengeneza filamu.