Vidole vinakufa ganzi: nichome sindano ya nne?

SWALI: Daktari, mimi ni fundi cherehani, nina miaka 46, naishi Morogoro. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia vinakufa ganzi, hasa usiku. Nimechomwa sindano kwenye kifundo cha mkono mara tatu, kila moja ikanipa nafuu ya miezi miwili hivi. Sasa maumivu yamepungua sana, ila hata vifungo vinanishinda kushika. Nichome ya nne, au nifanyiwe operesheni ya tundu dogo? Nimeambiwa wanakata mshipa, mkono unapooza.

JIBU: Dada, usichome ya nne.

Maumivu kupungua huku nguvu zikiisha si kupona. Dalili zako ni za neva (mshipa wa fahamu) iliyobanwa kwenye kifundo, na ikibanwa muda mrefu hufika mahali ikashindwa hata kuuma, na wagonjwa wengi huja kwangu wakiwa wamefikia hapo, wakishukuru kwamba dawa imefanya kazi. Weka mikono yote miwili mezani, viganja vikitazama juu, uangalie nyama iliyo chini ya kidole gumba. Ya kulia ikiwa imebonyea kuliko ya kushoto, misuli imeanza kunywea. Ikinywea sana huenda isirudi hata operesheni ikifanikiwa. Nenda hospitali ya rufaa wiki hii, umwone bingwa wa mifupa.

Aliyekuambia mshipa unakatwa amekupotosha. Kwenye kifundo, neva hiyo hupita pamoja na kano tisa za kukunja vidole katika njia nyembamba: chini mifupa, juu ukanda mgumu. Kinachokatwa ni huo ukanda, ili neva ipate nafasi. Bingwa huufikia kwa mkato wa sentimeta mbili tatu kiganjani, au kwa tundu la kama sentimeta moja akiongozwa na kamera. Wengine siku hizi hutumia ultrasaundi. Mara nyingi inatosha ganzi ya mkono tu, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Tundu dogo hukurudisha kazini mapema kidogo, basi. Baada ya miezi kadhaa matokeo yanalingana, kwa hiyo usikope fedha kwa ajili ya tundu. Tafuta daktari aliyeizoea kazi hiyo.

Sina ugomvi na sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, inayochomwa kwenye kifundo. Dalili zikiwa changa inasaidia, sawa na kuvaa banzi usiku kwa wiki sita ili kifundo kisikunjwe usingizini. Wajawazito wengi hupona baada ya kujifungua. Kinachonikera ni wanaochoma watu kwenye vyumba vya nyuma vya maduka ya dawa bila kukishika kiganja, bila kuuliza ni kidole kipi kinakufa ganzi, bila kupima sukari, wakati kisukari ni miongoni mwa vyanzo vya tatizo hili na steroidi yenyewe hupandisha sukari. Wengine huchoma diklofenaki, dawa ya maumivu, na vitamini B kwenye tako wakaiita sindano ya mishipa. Haifungui chochote kwenye kifundo. Kuchua kwa nguvu nako hakuulegezi ukanda ule.

Na yeyote anayechomwa kwenye kifundo, popote pale: ukisikia kama shoti ya umeme inakimbilia vidoleni, mwambie anayekuchoma aache kusukuma dawa na aitoe sindano hapohapo. Ameigusa neva.